Chambo cha Tumbo la Chungwa

Mume wangu aliniuliza nataka rangi gani, nami nikamjibu kwa sauti iliyowafanya watu waliokuwa kwenye foleni wageuke: "Sitaki rangi. Nilitaka kwenda kumzika mama yangu."

Tulikuwa katika duka la vifaa vya michezo, Springfield, huko Amerika, mbele ya ukuta mzima uliotundikwa visamaki vya plastiki vya kuvulia. Mume wangu alikuwa ameshika viwili, kimoja cha rangi ya fedha na kingine cheupe, kama mtu anayechagua tai ya harusi. Alivirudisha, akachukua kile cha fedha peke yake, akaenda kulipa. Mimi nikanyoosha mkono nikachomoa cha kwanza nilichokiona, cha njano-kijani kama vizibao vya wajenzi waliokuwa wakijenga makutano ya barabara pale Springfield miaka ile, nikakiweka juu ya kaunta. Sikukichagua. Nilikinyakua.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu maji ni kitu cha kuchota, si kitu cha kurushia mshipi. Mume wangu ndiye aliyezaliwa karibu na ziwa, Mwanza, na tangu nimjue alijihesabu kuwa mjuzi wa kila kiumbe chenye magamba. Alikuwa dereva wa basi, mimi nilikuwa mapokezi katika hoteli moja mjini Alexandria, karibu na Springfield, na nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, upande wa magharibi wa mji. Siku zake za mapumziko alikwenda kuvua na jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkenya mmoja mcheshi aliyekuwa na kiboti cha aluminiamu. Mimi sikuwahi kwenda nao. Nilikuwa nikilalamikia harufu ya ndoo na kuendelea na mambo yangu.

Halafu mama akafariki.

Alikuwa ameanza kuumwa kabla ya mvua kunyesha kule nyumbani. Kaka yangu alinipigia akaniambia miguu imevimba, anapumua kwa shida akilala. Siku hiyohiyo nilimwambia mume wangu tuombe kibali cha kusafiri. Yeye alikwisha pata uraia; karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alikuwa ametueleza wazi kwamba nikitoka nje ya nchi bila kibali, maombi yote ni kama nimeyatupa. Kibali chenyewe kilichukua miezi. Kwa hiyo nikasema tukiombe sasa, mapema, mama akiwa bado anaongea.

Mume wangu akasema, "Tusiliguse faili. Wakiona unaomba kutoka, watafikiri huna nia ya kukaa. Kadi yako ya ukaazi iko karibu. Subiri."

Nikasubiri. Nilimwamini kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia nchi ile, yeye ndiye aliyejua milango. Mama akazidiwa, kadi haikuja. Mama akafa, kadi haikuja. Kibali cha dharura kilihitaji cheti cha kifo, cheti kilikuwa hakijatoka, na maiti haisubiri.

Nilimzika mama yangu kwa simu. Kule ilikuwa alasiri, huku asubuhi. Nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hoteli kabla ya zamu, simu sikioni, kaka yangu ameinyanyua yake juu ili nisikie. Nilisikia upepo. Nilisikia watu wakiimba kwa Kigogo, na sauti moja ya mwanamke ikiimba juu kuliko zote, nikajua ni mama mdogo. Nilisikia koleo la kwanza. Kisha kadi ya simu ikaisha, mwanamke wa mashine akaniambia kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba salio langu halitoshi. Nikajipangusa uso, nikaingia ndani, nikamwambia mgeni wa kwanza karibu, umelalaje.

Watu walikuja nyumbani kutupa pole, na ninawashukuru. Walikuja na sufuria za pilau, wakasali, wakakaa. Lakini kila aliyeinuka kuondoka alinishika mkono akaniambia ni mapenzi ya Mungu, na mmoja akaongeza, "Shukuru una mume wa kukufariji." Nilimtazama huyo mume, amekaa pembeni na shati jeupe, anaitikia pole kwa unyenyekevu kama mfiwa mkuu. Nilitaka kumrushia kikombe.

Ndipo akaanza. Twende mtoni, ukapate hewa. Twende, ukatulize mawazo. Nilikubali kwa sababu moja tu: nyumbani kulikuwa na simu na kochi na wageni, na mtoni kusingekuwa na mtu wa kuniambia nishukuru.

Kijito tulichokwenda kilikuwa kusini ya Alexandria, kinaingia Potomac, na maji yake yalipanda na kushuka kwa kufuata bahari ya mbali. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Jirani yetu alizima injini ya kiboti, akachovya kiganja.

"Maji ni chai leo," akasema. "Strungi, chai kavu bila maziwa. Hata matope si mengi, ni hiyo rangi tu ya majani."

Samaki waliyemtafuta wanamwita besi. Ana mdomo mkubwa, hasira nyingi na subira kidogo, ndivyo jirani alivyonielezea, nikamwambia basi tutaelewana. Chambo ni hicho kisamaki cha plastiki, chembamba kama kalamu, kina ndoana tumboni. Wenyewe wanakiita jekibeti. Unakirusha, unakikurupusha kwa ncha ya ufito wa kuvulia mara mbili, kinapepesuka majini kama samaki aliyeumia, kisha unakiacha kimeduwaa hapohapo, hakizami hakielei. Wakati kimeduwaa ndipo besi hukipiga.

Mume wangu alifunga cha fedha. "Maji yakiwa hivi," akanieleza, "unatumia rangi ya asili. Samaki wa kweli hana makelele."

"Samaki wa kweli haonekani kwenye chai," nikamwambia.

"Ananusa. Anasikia mtikisiko."

"Kama anasikia, rangi ya nini? Si ungeweka nyeusi, au usiweke kabisa?"

Jirani akacheka. "Shem, hapo umemshika." Kisha akaona kile cha njano-kijani mkononi mwangu. "Lakini na hiyo yako, wueh! Hiyo samaki akiiona anahepa hadi Baltimore."

Nilikifunga hichohicho. Nilirusha, nikavuta, nikakurupusha, nikarusha tena. Nilikuwa navuta kama mtu anayemvuta mbuzi sokoni. Sikukiacha kitulie hata mara moja, maana nikitulia nilisikia koleo. Mpaka mchana jirani alikuwa amepata besi, mume wangu kadogo kamoja, mimi majani ya mtoni.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Nilikwambia rangi hiyo haifai. Ungesikiliza."

Ungesikiliza. Sijui kama yeye alisikia alichosema. Mimi nilisikia. Nilikuwa nimesikiliza, mwaka mzima nilisikiliza, na matokeo yake nilikuwa nimekaa kwenye bati linaloelea huku mama yangu yuko chini ya udongo mwekundu. Kwa wiki kadhaa tulizungumza habari ya umeme na habari ya nani analeta mkate, basi.

Lakini mtoni nilirudi. Nilirudi peke yangu, kwa gari letu bovu, nikisimama ukingoni penye mawe, na leseni yangu ya kuvulia mfukoni. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ukweli: nilitaka kumthibitishia kwamba amekosea. Kama nisingeweza kumthibitishia kuhusu kibali, ningemthibitishia kuhusu rangi. Kulikuwa na ubishi ambao ungeweza kwisha kwa jibu, nami nilikuwa na njaa ya jibu.

Nilijinunulia visamaki vingine. Cheupe kama mfupa. Cha kijani chenye michirizi myeusi. Cha dhahabu chenye mgongo mweusi na tumbo la rangi ya chungwa. Kwenye vitabu vya picha vya wavuvi walisema maji yaliyochafuka yanataka rangi nzito isiyopitisha mwanga, yenye mgongo na tumbo vinavyopingana. Wengine walisema kinyume. Mzee mmoja mweupe ukingoni aliniambia rangi ni ya kumnasa mnunuzi, samaki hajali. Nilimchukia siku nzima.

Jumamosi moja mume wangu alikuwa kazini. Nilichemsha sufuria kubwa ya chai, majani yote yaliyokuwa kabatini, nikayamwaga kwenye beseni la kuogea, nikaongeza maji ya baridi hadi ikafanana na kile kijito. Nikapiga magoti. Nikafunga kila kisamaki kwenye uzi, nikakizamisha upande wa pili, nikaweka uso wangu karibu na maji na kutazama kwa kuinamia.

Cha fedha kiligeuka kijivu, kisha hakikuwapo. Cheupe kilipata rangi ya chai ya maziwa. Changu cha njano-kijani, kile nilichokitetea kwa moyo wote, kilionekana vizuri karibu, lakini kikisogea mbali kidogo kilikuwa kama doa la ukungu. Cha dhahabu ndicho kilichobaki samaki. Mgongo mweusi ulikata mstari, tumbo la chungwa likawaka kama kaa la moto ndani ya maji yale mekundu, na kila nilipokitikisa kilimeta. Ninajua jicho la mtu si jicho la samaki na beseni si mto. Hata hivyo nilikaa pale, magoti yakiniuma, nimeridhika kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sikumsikia mume wangu akifungua mlango. Alisimama na sare yake ya kazi, akatazama beseni.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kinachoonekana."

"Kwa chai yote ya nyumbani?"

"Kwa chai yote."

Akakaa juu ya kifuniko cha choo. Akavua kofia. "Hii si habari ya samaki," akasema.

"Hapana, si habari ya samaki. Ulinizuia. Nilikuomba tuombe kile kibali, ukaniambia nisubiri. Ungeniacha niombe, ningekwenda. Ningemkuta anaongea."

Nilitegemea atasema habari ya faili, na wakili, na kadi iko karibu. Nilikuwa na majibu ya hayo yote. Badala yake alitazama maji yale ya kahawia na kusema, "Niliogopa hutarudi."

"Unasemaje?"

"Ulikuwa huipendi nchi hii. Kila siku unasema Dodoma, Dodoma. Nikasema ukifika kwa mama yako, ukakaa naye, hutapanda ndege tena. Habari ya faili niliitunga. Wakili hakusema kamwe kwamba kuomba kibali kunaharibu karatasi."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna inayomeza sauti. Yangu ilimeza. Nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyekosea hesabu. Sasa nilikuwa na mtu aliyejua anachofanya. Nilisimama, nikachomoa kizibo cha beseni, na tukatazama ile chai ikizunguka na kushuka, sisi wawili. Majani yalibaki chini. Nikamwambia, "Safisha," nikatoka.

Nililala kwenye kochi tangu siku hiyo. Kwa nini sikuondoka? Watu wameniuliza. Sikuwa na pa kwenda, hilo la kwanza. Na karatasi zangu zilipitia kwake, hilo la pili, na hilo liliniudhi zaidi ya la kwanza. La tatu sikulijua wakati ule na hata leo sina uhakika nalo.

Juma lililofuata jirani akagonga mlango kuuliza kama tunakwenda. Mume wangu akasema hapana na mimi nikasema ndiyo, kwa hiyo tukaenda wote watatu, kwa sababu mume wangu hakuweza kuniacha niende peke yangu na jirani, watu wakatuona. Maji yalikuwa chai ileile. Nilifunga cha dhahabu.

Nilirusha karibu na mti ulioanguka majini. Nikavuta vilevile kama siku zote, kwa fujo. Jirani akanitazama muda, kisha akasema, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Shem, hiyo ni kumchapa. Maji bado ni baridi. Mwache apumue kidogo."

"Nikimwacha nafikiri," nikamwambia.

"Basi fikiri."

Nikakiacha. Kisamaki kikaduwaa chini ya ile chai, mahali ambapo sikukiona, na mimi nikafikiri. Nilimfikiria mama akipepeta ulezi. Nilimfikiria akiuliza kwa simu, unakuja lini, na mimi nikimwambia karibuni, maneno ambayo nilipewa na mtu mwingine. Nilikuwa nimeuma meno. Mshipi ukagonga, mara moja tu, kama kidole kwenye mlango, na ufito ukajikunja hadi mkononi.

Alikuwa mkubwa. Alitoka majini akatingisha kichwa, mdomo wazi, na lile tumbo la chungwa likining'inia pembeni ya taya. Jirani alipiga mayowe ya Kikenya. Mume wangu alimchota kwa wavu. Nilimshika yule samaki kwa taya kama walivyonionyesha. Alikuwa baridi, mzito, wa kijani kilichoiva. Nilisubiri kujisikia vizuri. Nilijua sasa kwamba niliona sawa kuhusu rangi, au kwamba nilikiacha chambo kitulie, au kwamba samaki alikuwa na njaa. Havikutofautishika, na wala sikujali tena. Mama alikuwa bado amekufa. Mume wangu akatoa kamera, akasema, "Tabasamu kidogo," na mimi nikatazama tu. Kisha nikamrudisha samaki majini.

Picha ile aliichapisha. Sikujua hadi siku ya chakula cha pamoja kanisani, ukumbi wa chini, watu wa nchi zetu zote pamoja, Watanzania, Wakenya, Wakongo. Nilitoka jikoni nikiwa na sinia la maandazi, nikamkuta amesimama katikati ya kundi, picha inapita mkono kwa mkono, na yeye anasimulia. Eti alinichukua mtoni baada ya msiba. Eti alinifundisha rangi za chambo. Eti Mungu alitumia maji yale kunifariji, na sasa nimepona.

"Tazameni ulivyo mzuri mpango wake," akasema.

Niliweka sinia mezani. "Sijapona," nikasema.

Walinigeukia. Mume wangu akacheka kicheko kidogo cha kuomba.

"Sijapona, na rangi nilichagua mwenyewe. Mama yangu alikuwa anaumwa nikataka kwenda. Huyu alinidanganya kwamba nikiomba kibali nitaharibu karatasi. Alinidanganya kwa sababu aliogopa nitamkimbia. Sikumwona mama yangu. Hakuna faraja hapo. Nimekasirika, na kesho nitaamka nimekasirika."

Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kuna nini. Mchungaji alianza kuinuka, nadhani alitaka tuombe, lakini mama mmoja Mkongo, mtu mzima aliyekuwa akituongozea kwaya, alimshika mkono wa koti akamkalisha. Akanijia, akanishika mabega yote mawili.

"Mama, uko na haki," akaniambia. "Kasirika. Miye nilizika mtoto kwa simu. Mpaka leo niko na kasirani."

Hakuniambia nishukuru. Aliniondoa pale, tukaenda kuosha vyombo, na tulipokuwa tunaviosha hakuniuliza kitu.

Kadi yangu ilitoka majira ya joto, imechelewa, nzuri, ina picha yangu nisiyotabasamu. Nilikata tiketi peke yangu. Kaburi la mama lilikuwa limekwisha sakafiwa kwa saruji, na jina lake limeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Nilikaa pale kila jioni hadi jua liliposhuka. Mama mdogo aliniimbia ule wimbo wa mazishi wote, tangu mwanzo, pamoja na kipande nilichokatiwa. Kaka zangu hawakuniuliza kwa nini sikuja, na kutouliza kwao kulikuwa kama mwiba. Walidhani ni mimi. Walidhani niliipenda Amerika.

Nilirudi. Mume wangu alinipokea uwanja wa ndege, akanibebea begi, tukatembea hadi kwenye gari kama watu waliotambulishwa jana. Hakusema "umerudi," ingawa nilimwona akilimeza neno hilo mara mbili. Tulipofika nyumbani nilimwambia akae. Nikaiweka simu juu ya meza, nikawasha spika, nikapiga namba ya kaka yangu mkubwa.

"Mwambie," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kwa mdomo wako."

Alimwamkia shemeji yake, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akasema yote. Alisema vibaya, kwa kurudiarudia, akichanganya mambo, lakini hakuruka kitu: kibali, faili, uongo, woga. Jasho lilimtoka. Mimi nilikaa mbele yake, nikimtazama kila neno lilivyokuwa likitoka, na sikumsaidia.

Nilisikia kuku upande wa pili. Kisha kaka yangu akakohoa.

"Tumesikia," akasema. Baada ya hapo akanitaja mimi, akauliza kama niko hapo, nikasema nipo. "Mdogo wangu," akasema, "sisi tulikuwa tumekuwekea lawama. Tumeitoa."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilizima simu. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilipokwenda jikoni kupasha chakula nilibamiza milango ya makabati yote, mmoja mmoja. Lakini nilipakua sahani mbili.